Majaribio Tunayoyafanya Bila Kujua: Maisha na Kazi ya Frederick Mosteller

(Hotuba iliyotolewa jijini Dodoma mbele ya wanafunzi wa takwimu na maofisa mipango wa halmashauri)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa chuo, maofisa mipango kutoka halmashauri za mkoa wetu, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Waandaaji waliniomba nizungumzie maisha ya mtakwimu katika utungaji wa sera, na nadhani walitarajia nisimulie ya kwangu. Ya kwangu yalipita kwa sehemu kubwa katika kusahihisha madodoso, na hayana mvuto wa kutosha kuwaweka watu wazima kwenye viti kwa saa nzima. Nitazungumzia maisha ya mtu mwingine, Mmarekani aitwaye Frederick Mosteller, kwa sababu kazi yake inajibu swali ambalo limekuwa likiulizwa sana hapa Dodoma tangu wizara zilipohamia: mtakwimu anapaswa kuingia hatua gani katika kutunga sera? Wengi wetu huitwa mwishoni, programu ikiwa imeshatekelezwa nchi nzima na ripoti inahitaji majedwali. Mosteller alitumia takriban miaka 60 kuonyesha kwamba kwa kawaida hapo huwa tumechelewa.

Alizaliwa Desemba 1916 katika mji wa Clarksburg, jimbo la West Virginia. Baba yake alikuwa mjenzi wa barabara, na kijana huyo alifanya kazi za barabarani wakati wa likizo. Alijiunga na chuo cha ufundi cha Carnegie kilichopo Pittsburgh, na huko swali la hesabu kuhusu dadu ndilo lililombadilishia njia: ukirusha dadu tatu, ziko namna ngapi za kupata jumla fulani? Alilijibu kwa kuhesabu namna moja moja, kazi ya kuchosha, kisha akamuuliza mwalimu wake wa hisabati, Edwin Olds, kama kuna njia bora. Olds akamwonyesha namna ya kuligeuza swali zima kuwa la aljebra, ambapo majibu hujitokeza yenyewe hata kama dadu ni sita au ishirini. Kutoka hapo alikwenda Princeton, akafanya kazi za takwimu za kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, akapata udaktari wake mwaka 1946, na mwaka huohuo akaanza kufundisha Harvard, alikodumu hadi kustaafu.

Kazi yake ya kwanza iliyogusa mambo ya umma ilitokana na aibu ya watu wengine. Mwaka 1948 taasisi zote kubwa za kura za maoni za Marekani zilitabiri kwamba Thomas Dewey atamshinda Harry Truman katika uchaguzi wa rais. Truman akashinda. Baraza la utafiti wa sayansi ya jamii likaunda kamati ya kuchunguza kilichotokea, na Mosteller, akiwa na miaka 32 tu, akaongoza kazi ya wataalamu walioandika taarifa yake ya mwaka 1949. Mambo mawili yalijitokeza wazi. La kwanza, wakusanyaji wa kura za maoni waliacha kuhoji mapema mno, na watu wakabadili mawazo katika wiki za mwisho. La pili linatuhusu moja kwa moja sisi tunaotembea vijijini: taasisi hizo zilitumia sampuli ya mgao, yaani kila mdadisi alipewa idadi ya wanaume, wanawake, vijana na wazee wa kuwahoji, kisha akaachiwa achague mwenyewe ni nani. Binadamu akiachiwa achague, humchagua anayefikika.

Msidhani hilo ni tatizo la Marekani ya zamani. Mchukulieni mdadisi wetu aliyepangiwa kaya kumi na mbili katika kitongoji cha Chamwino mwezi Januari, mvua ikiwa imeshika. Anafika saa nne asubuhi. Kaya namba tatu kwenye orodha yake haina mtu. Wote wamekwenda shambani kupalilia mtama tangu alfajiri. Mwenyekiti wa kitongoji, kwa ukarimu kabisa, anamwambia, “Mwanangu, usihangaike, nenda nyumba ile pale, wenyewe wapo.” Akimsikiliza, dodoso litajazwa vizuri, simu itamwonyesha alama ya kijani, na msimamizi hataona kasoro yoyote. Lakini sampuli imeshahama kutoka kwa wakulima kwenda kwa wenye duka, wazee, wagonjwa na wenye mishahara. Takwimu za kipato, za lishe, za ajira, zote zitaegemea upande mmoja, na hakuna fomula ya kuzinyoosha baadaye, kwa kuwa hakuna aliyeandika kwamba kaya namba tatu iliachwa. Mdadisi mwema hurudi jioni, na kama hakupata mtu hurudi tena kesho. Gharama ya petroli ya safari hiyo ya pili ndiyo sehemu ya bajeti ya utafiti ninayoitetea kwa nguvu kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kukatwa.

Nirudi kwa Mosteller. Mwaka 1957 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa idara mpya ya takwimu ya Harvard, na kabla ya kustaafu alikuwa ameongoza idara nne tofauti chuoni hapo, ikiwemo ya takwimu za afya na ya sera na menejimenti ya afya. Mwaka 1961 alifundisha takwimu na nadharia ya uwezekano katika televisheni iliyoonekana nchi nzima, alfajiri, kabla watu hawajaenda kazini. Mwaka 1964, pamoja na David Wallace, alichapisha utafiti ulioonyesha ni nani aliandika makala 12 za kisiasa za karne ya 18 ambazo wanahistoria walikuwa wakibishania kama ni za Hamilton au za Madison, waasisi wawili wa Marekani. Walihesabu vijineno vidogo ambavyo mwandishi huvitumia bila kufikiri, na ushahidi ukaelemea kwa Madison. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina kubwa zaidi miongoni mwa wanataaluma. Kwa mada yetu naipita haraka, kwa sababu marehemu Madison hakuwa akisubiri uamuzi wa bajeti.

Waliokuwa wakisubiri uamuzi ni wagonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 dawa ya usingizi iitwayo halothane ilikuwa ikitumika sana katika upasuaji, na taarifa zikaanza kutoka kuhusu wagonjwa waliofariki kwa kuharibika ini baada ya kuitumia. Je, dawa iondolewe? Kila daktari alikuwa na kisa chake, na kisa cha mgonjwa aliyekufa mikononi mwako kina uzito ambao jedwali haliwezi kuufikia. Mosteller na wenzake wakakusanya kumbukumbu za upasuaji upatao 850,000 kutoka hospitali 34. Walikuta kwamba vifo vya jumla vilivyofuatia matumizi ya halothane havikuzidi vya dawa nyingine, na kwamba madhara makubwa ya ini yalikuwa nadra sana. Lakini wakiwa wanatafuta hilo wakakuta jambo lingine ambalo hakuna aliyelitafuta: hata baada ya kuzingatia umri na hali ya wagonjwa, viwango vya vifo vilitofautiana sana kati ya hospitali na hospitali. Swali lililokuja na dawa likaondoka na hospitali. Mosteller aliendelea kulifuatilia suala la ubora wa upasuaji kwa miaka mingi baadaye, na ni kutokana na kazi hiyo ndipo wengi walianza kumwona kama mtu wa sera.

Elimu ndiyo iliyomfikisha kwenye hoja ninayotaka kuisisitiza leo. Bunge la Marekani, kupitia Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, liliagiza uchunguzi wa usawa wa fursa za elimu kati ya watoto weusi na weupe. Taarifa ilitoka mwaka 1966 chini ya uongozi wa James Coleman, ikiwa imechunguza wanafunzi wapatao 600,000. Matokeo yake yaliwashtua wengi: tofauti za vifaa na fedha za shule zilionekana kueleza kidogo tu tofauti za ufaulu, huku hali ya familia ikieleza sehemu kubwa. Mosteller na Daniel Moynihan wakaendesha semina Harvard ya kuzichambua upya data zile, na kitabu chao kikatoka mwaka 1972. Walichokiona ni mpaka wa data yenyewe. Ulikuwa uchunguzi wa hali kama ilivyo. Shule yenye madarasa madogo ingeweza kuwa katika mtaa wa matajiri, au ingeweza kuwa shule ya kijijini yenye watoto wachache kwa kuwa watu wamehama. Ukilinganisha ukubwa wa madarasa unalinganisha pia mambo mengine mia usiyoyaona. Laki sita za wanafunzi hazikutosha kujibu swali dogo la mzazi: mtoto huyuhuyu, akiwekwa katika darasa dogo, atasoma vizuri zaidi?

Mwaka 1975, akiwa na John Gilbert na Richard Light, alichapisha mapitio ya programu za kijamii na za tiba ambazo zilikuwa zimepimwa kwa majaribio ya nasibu, yaani yale ambayo bahati nasibu ndiyo huamua nani apate programu na nani asiipate. Kwa ufupi walisema mambo mawili. Programu nyingi zenye nia njema huleta manufaa madogo au hazileti kabisa, na manufaa madogo, ambayo yakikusanyika ni makubwa, hayawezi kuonekana bila jaribio lililopangwa vizuri. La pili ni kali zaidi. Serikali inayoanzisha programu mpya kila mahali kwa siku moja nayo inawafanyia watu majaribio. Tofauti ni kwamba jaribio lake halina kundi linganishi, yaani watu wasioipata programu wa kuwalinganisha na walioipata, hivyo miaka kumi baadaye hakuna atakayejua kama lilisaidia. Mimi naiona hoja hiyo kuwa sahihi, na kama mtatoka hapa na jambo moja, naomba liwe hilo.

Mfano aliopenda kuutoa uzeeni ulitoka Tennessee. Mwaka 1985 wabunge wa jimbo hilo walikuwa wakishinikizwa kupunguza ukubwa wa madarasa ya chini. Walijua ni ghali, maana darasa dogo lina maana ya walimu zaidi na vyumba zaidi, hivyo wakakubali kwanza kulipia jaribio la miaka minne, ambalo liligharimu takriban dola milioni 12. Shule 79 zilishiriki. Angalieni ustadi wa mpango wenyewe: ndani ya kila shule kulikuwa na aina zote tatu za darasa, yaani darasa dogo la watoto 13 hadi 17, darasa la kawaida la watoto 22 hadi 25, na darasa la kawaida lenye mwalimu msaidizi. Watoto walipangiwa madarasa kwa nasibu, na walimu vilevile. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba madarasa madogo yalikuwa na mwalimu mkuu bora au wazazi wenye uwezo zaidi, kwa kuwa mwalimu mkuu alikuwa yuleyule na mtaa uleule.

Watoto wa madarasa madogo walisoma na kuhesabu vizuri zaidi. Katika miaka ya mwanzo manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa watoto weusi. Mwalimu msaidizi, ambaye wanasiasa wengi walimpenda kwa kuwa ni nafuu, hakuleta tofauti ya maana. Na watoto hao waliporudishwa kwenye madarasa ya kawaida baada ya darasa la tatu, bado waliendelea kuwa mbele. Mosteller hakuubuni utafiti huo, lakini ndiye aliyeandika mwaka 1995 makala iliyouweka mezani kwa watunga sera, na alikuwa akiuhesabu miongoni mwa uchunguzi muhimu zaidi wa elimu kuwahi kufanywa.

Mwaka mmoja baadaye jimbo la California, likiwa na ziada ya mapato, likaamua kupunguza madarasa ya chini hadi watoto 20, karibu katika shule zote na karibu kwa wakati mmoja. Vyumba havikutosha. Walimu wenye sifa kamili hawakutosha pia, na wengi wao walihama kutoka shule za maskini kwenda kwenye nafasi mpya za shule zenye nafuu, wakiziachia shule za maskini walimu wasiohitimu. Watathmini walipokuja, walikuta hakuna tena shule za kutosha ambazo hazijabadilika za kulinganisha nazo. Fedha zilizotumika zilikuwa nyingi mno kuliko za Tennessee, na kilichojulikana kutokana nazo kilikuwa kidogo mno.

Nasikia mnong'ono pale nyuma, na nadhani naujua: “Mzee, darasa la watoto 15 linatuhusu nini sisi?” Ni kweli. Sera yetu inazungumzia mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 kuna walimu wa darasa la kwanza ambao wangeiona 45 kuwa sikukuu. Sipendekezi namba za Tennessee zihamishiwe Bahi. Kinachohamishika ni mpango wa uchunguzi, na huo tayari umeshafanyika hapa mkoani, ingawa watu wachache wanaukumbuka.

Kabla Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, haujaanza kuzihawilishia fedha kaya maskini nchi nzima, kulikuwa na majaribio katika halmashauri tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 viliingizwa katika uchunguzi. Vijiji 40 vilichaguliwa kwa nasibu vianze, na 40 vikabaki kuwa linganishi. Malipo yalianza Januari 2010, kwa masharti ya watoto kuhudhuria shule na kliniki, na wazee kwenda kliniki walau mara moja kwa mwaka. Kaya zilihojiwa kabla, katikati na mwishoni.

Katika tathmini ya katikati, kaya zilizolipwa zilionekana kwenda kliniki mara nyingi zaidi, jambo ambalo kila mtu alilitarajia. Katika tathmini ya mwisho mahudhurio hayo yalikuwa yamepungua. Mtu mwenye haraka angeandika kwamba masharti yameacha kufanya kazi. Lakini kwa kuwa walikuwepo watu wa vijiji linganishi wa kuwapima nao, ilionekana kwamba kaya zilizolipwa zilikuwa zikiugua kidogo zaidi, hasa watoto wadogo, na kwa hiyo zilikuwa na sababu chache za kwenda zahanati. Kaya hizo pia zilijiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii, watoto wao walimaliza zaidi darasa la saba, na walinunua mifugo, kuku na mbuzi. Ripoti ambayo ingeonyesha mahudhurio ya kliniki peke yake, bila kundi linganishi, ingeweza kuifunga programu iliyokuwa ikifanikiwa.

Kuna mfano wa pili, wa shule 350 katika wilaya kumi za nchi hii mwaka 2013 na 2014. Shule zilizopewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi zilinunua vitabu na vifaa, na matokeo ya watoto hayakubadilika. Ruzuku ilipounganishwa na motisha kwa walimu kulingana na watoto waliofaulu, matokeo yalipanda. Aliyekuwa na hakika kwamba tatizo ni fedha tu alikosea, na aliyekuwa na hakika kwamba tatizo ni uvivu wa walimu tu alipata jibu nusu.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi, na ninaloliheshimu, ni la haki. Mtendaji wa kijiji huuliza: nitawaambiaje wananchi wangu kwamba wao ni kijiji linganishi? Nina majibu mawili, na moja lina masharti. Pale ambapo fedha hazitoshi wote kwa mwaka mmoja, na hali hiyo ni ya kila mwaka, kuna mtu atakayesubiri kwa vyovyote vile. Kupanga zamu kwa bahati nasibu, karatasi zikachotwa mbele ya watu wote, ni haki zaidi kuliko kupanga kwa ukaribu wa barabara ya lami au wa kiongozi. Lakini pale ambapo tayari tunajua kwamba jambo linafanya kazi, kama chanjo ya surua, kumnyima mtu ili tupate kundi linganishi ni kosa. Na kuna dharura. Mwaka 2021, Serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19 na kujenga madarasa 15,000 ndani ya miezi michache, watoto walikuwa wanangojea Januari. Sioni nani angesimama mlangoni na kusema tuchore kwanza sampuli.

Kati ya dharura hizo na mambo yaliyothibitishwa kuna eneo pana, na humo ndimo bajeti nyingi za halmashauri zetu zinamoishi: mbegu za alizeti za ruzuku, chakula cha mchana shuleni, mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii, visima. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu mkoa wa Dodoma kuwa na watu 3,085,625, kutoka 2,083,588 mwaka 2012. Watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na kila idara italazimika kufanya mambo mapya ambayo haina uzoefu nayo. Takwimu za sensa zinatuambia watu wako wapi. Hazituambii kama kisima kirefu kitapunguza kuhara kuliko visima viwili vifupi, na hakuna sensa itakayotuambia.

Mosteller alistaafu rasmi Harvard mwaka 1987 na kuendelea na kazi miaka mingi baada ya hapo. Alifariki Julai 2006, akiwa na miaka 89. Waliofanya kazi naye walimsifu kwa jambo ambalo vitabu vya takwimu havifundishi: alikuwa akikaa na madaktari, walimu na wanasheria tangu swali likiwa halijakamilika, na mara nyingi akiligeuza swali lenyewe kabla hata namba moja haijakusanywa.

Kwa hiyo ombi langu kwa maofisa mipango ni la kiutendaji. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti unapotoka, na kabla orodha ya vijiji vitakavyoanza haijapelekwa kwenye baraza la madiwani, mwiteni mtakwimu wa halmashauri kwa nusu siku. Atawauliza vijiji vingapi vinastahili, fedha zinatosha vingapi, na kama vilivyobaki vinaweza kupangwa kwa zamu ya mwaka wa pili na wa tatu. Mkipata orodha hiyo na mkaichota zamu hadharani, jaribio mnalo tayari, na gharama iliyoongezeka ni ya kuhoji kaya mara mbili. Na ninyi wanafunzi, msisubiri kuitwa. Kalenda ya bajeti ni ya wazi, na mlango wa idara ya mipango una kitasa upande wa nje pia.

Nimemaliza muda niliopewa. Tuna dakika ishirini za maswali, na ningeomba tuanze na maofisa waliotoka Chamwino, kwa sababu wao huenda wanavijua vijiji vile 80 kuliko mimi.